Nikipona Nitamshukuru Nani

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, ufuta ukiwa bado unashuka kutoka bara, tulimzika Tajiri. Nilipoteza mwajiri, nikapoteza mtani, na nikapoteza mtu pekee niliyemjua ambaye akiuliza swali alitaka jibu la kweli, hata kama jibu lenyewe lingemuumiza.

Tajiri ni jina la kazi. Huku kwetu dereva humwita hivyo mwenye gari, awe na mali au asiwe nayo. Yeye hakuwa nayo. Alikuwa mjane mwenye lori moja kuukuu, nyumba ya bati pale Mtanda mjini Lindi, na fimbo ya mpingo ambayo hakuihitaji kwa kutembelea. Jina lake halisi nalijua. Sikuwahi kulitamka mbele yake na sioni sababu ya kuanza leo.

Yeye alikuwa Mmwera, Mwislamu. Mimi ni Mmatumbi wa milima ya Kipatimu, Mkatoliki, na tulihesabiana utani. Msibani mtani ana kazi yake, na kazi hiyo haikataliwi. Kabla jeneza halijatoka nilitakiwa nimwigize marehemu ili watu wapumue. Nikaomba ile fimbo, nikalizunguka lori lililokuwa limeegeshwa nje ya ua, nikagonga tairi moja baada ya jingine huku nimetega sikio, nikasema kwa sauti yake: "Mmatumbi, hili linalia kama tumbo lako lenye njaa." Watu walicheka. Binti yake naye alicheka, machozi yakimtoka. Nilipofika tairi la nyuma nikampa mtani mwingine fimbo amalizie.

Kugonga tairi kulikuwa sala yake ya pili ya asubuhi. Alikuwa akimaliza kuswali alfajiri, anatoka na kikombe cha chai ya tangawizi, analizunguka lori. Mambo ya injini hakuyajua na hakujifanya anayajua. Gia zote aliziita tumbo, rejeta aliiita birika, na mdomo wa bomba la hewa, ule uliosimama nyuma ya kibanda cha dereva, aliuita pua. Mengine aliyakosea kabisa. Aliamini kwamba lori likilala limetazama bondeni hupoteza nguvu usiku, na kwa miaka yote niliyomfanyia kazi nililala nimeligeuza kuelekea kwenye mwinuko. Nilimwambia mara nyingi kwamba hilo halina msingi. Akanijibu kwamba Wamatumbi hulala wametazama bondeni ndiyo maana wako walivyo.

Lakini kitu ambacho mtu alitaka kumuuzia, hicho alikipima. Alikuwa na namna yake. Alibadilisha kitu kimoja tu, vingine vyote akaviacha kama vilivyo, kisha akangoja.

Mwaka mmoja alishikwa na kikohozi kibaya. Binti yake anayekaa Rasbura alimletea vidonge kutoka hospitali, na jirani akamletea majani ya mkaratusi ya kujifukiza. Tajiri akaviweka vyote viwili juu ya meza, akaanza na majani peke yake. Siku zikapita anakohoa ukuta unaitika. Binti akalia, akamwomba ameze na vidonge basi, vitamdhuru nini. "Nikivitumia vyote viwili," alisema, "nikipona nitamshukuru nani?" Majani hayakusaidia. Akamwita jirani, akamshukuru kwa nia yake, akameza vidonge, akapona. Alikohoa bure muda mrefu, lakini tangu siku hiyo nyumbani kwake hakuna aliyebishana kuhusu kikohozi.

Mara nyingine zililetwa sabuni mbili dukani kwa jirani, kila moja ikisifiwa kwamba inatoa harufu ya samaki. Akachukua shati langu la kazi, akalifua upande wa kulia kwa sabuni hii na wa kushoto kwa sabuni ile, akanituma kijiji cha Sudi, pwani, kuchukua samaki wakavu nikiwa nimelivaa. Niliporudi alininusa kwapa la kulia, akaninusa la kushoto, mbele ya wateja. Akatangaza kwamba sabuni zote ni sawa, tofauti iko kwa Mmatumbi.

Huyuhuyu aliyepima sabuni alikuwa na hirizi imeshonwa chini ya dashibodi ya lori. Nilimuuliza kwa nini hiyo haipimi. Akasema, "Hiyo haijaja kwangu na maneno." Alimaanisha kwamba hakuna aliyemuahidi kitu juu yake. Na mwanamke mjamzito wa Rondo alipandishwa lori bila swali, wakati shemeji yake mwenyewe aliachwa kwenye stendi na mizigo yake kwa sababu alisema lori lile ni la ukoo.

Hapo kwenye neno ukoo ndipo palipokuwa na kidonda.

Lori liliachwa na mumewe. Kwa mila ya Wamwera mali ya mtu huelekea kwa wapwa zake, watoto wa dada. Kwa dini, mjane ana fungu lake. Baada ya arobaini ya marehemu wazee walikaa, wakavutana, wakaishia kwenye maneno ambayo kila mmoja wetu aliyakariri: mjane alishike lori maadamu linapanda mlima wa Rondo na mzigo. Siku litakaposhindwa na mlima, litauzwa, na kila mwenye haki apewe chake. Wapwa hawakuwa watu wabaya. Walitaka tu jambo liwe na mwisho. Lakini Tajiri alijua kwamba lori lile likiuzwa atabaki mama wa kulelewa, anayehamishwa kutoka chumba cha binti huyu kwenda cha binti yule, na hilo hakulitaka. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunapakia saruji: "Mmatumbi, mimi sijui kukaa kwa watu." Hakulirudia tena.

Kwa hiyo kila safari niliporudi swali lake lilikuwa moja. Hakuuliza mzigo umefikaje. Aliuliza, "Gia umebadilisha wapi?"

Mlima wa Rondo una alama mbili ambazo kila dereva anazijua. Chini kuna kalvati lililovunjika ukingo. Juu zaidi, penye kona kali, kuna jiwe kubwa ambalo nyani hupenda kukaa. Lori lenye nguvu, likiwa na mzigo wake wa kawaida, hupita kalvati likiwa bado kwenye gia ya tatu na kushuka kwenye ya pili penye jiwe. Enzi za mumewe tulifika penye jiwe. Miaka ilivyokwenda nikaanza kubadilisha katikati. Kisha penye kalvati. Msimu mmoja nikabadilisha kabla ya kalvati, na moshi mweusi ukatanda nyuma hadi wenye pikipiki wakanitukana. Nilimweleza kama ilivyokuwa. Alimimina chai yake chini, akaenda kuligonga tairi.

Ndipo mpwa mkubwa wa marehemu mumewe alipokuja na kifaa. Yeye alikuwa na duka la vipuri mjini Lindi, kijana wa heshima, akimsalimu shikamoo kwa kupiga goti kidogo. Kifaa chenyewe kilikuwa kipande cha bomba linalong'aa lenye mapanga ndani kama feni ndogo. Kinavalishwa kwenye njia ya hewa kabla haijafika kwenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Alieleza kwamba hewa ikipita pale inazungushwa, inaingia kwa kishindo, tabo inashiba, injini inapata nguvu na dizeli inapungua. Alikiita tabo ya pili. Kwa haki yake niseme kwamba alikiamini. Alikuwa amekifunga kwenye gari lake mwenyewe.

Tajiri alimsikiliza hadi mwisho. Akamuuliza kama kina mota. Mpwa akasema hakina, hewa yenyewe ndiyo inayokizungusha. "Kwa hiyo hewa inajisukuma yenyewe," Tajiri alisema. Mpwa akacheka, akasema, "Mama, tujaribu tu." Neno kujaribu lilimlainisha. Fundi wa pale Mtanda akakifunga.

Safari iliyofuata lori lilipaa. Sitasema uongo, nilihisi mwenyewe kwenye mguu. Lilipiga mluzi ambao halikuwa nao, likapita kalvati kwenye gia ya tatu, na nikabadilisha penye jiwe kama zamani. Niliimba peke yangu hadi juu. Niliporudi nikamwambia Tajiri, mpwa akaambiwa, na kabla ya Ijumaa madereva wa Lindi wakawa wanaulizia tabo ya pili.

Watu wengine wangeishia hapo. Tajiri alikuja kuligonga tairi asubuhi, akafungua mlango wa kibanda, akatoa kitambaa kilichokuwa kimeviringishwa juu ya kiti. "Nani kaivua kanga yangu?"

Lazima nieleze kanga hiyo. Miaka ya nyuma, msimu wa vumbi, barabara ya Rondo ikiwa nyekundu kama poda, mumewe alisimamisha lori njiani, akachana kipande cha kanga aliyokuwa amejitanda Tajiri, akakifunga kwenye pua ya lori ili vumbi lisiingie. Tajiri alimgombeza hadi mji wa Mtama. Wengi barabara hiyo walifanya vile, wengine kwa soksi, wengine kwa gunia. Baada ya mumewe kufariki kitambaa kile kilibaki palepale. Hakuna aliyekifungua, kwa sababu fundo lilikuwa la mkono wa marehemu. Kilipochanika, Tajiri alichukua kipande kingine cha kanga ileile akakifunga juu yake. Kilipochakaa hicho, akaongeza kingine. Aliifanya kazi hiyo mwenyewe, amesimama juu ya ngazi, na sisi tulitazama pembeni.

Fundi alisema alipokuwa anafunga kifaa alivua vipande vya juu, akaacha kile cha kwanza kilichochanika, akasahau kuvirudisha. Tajiri hakumgombeza. Aliomba ngazi, akavifunga tena.

Safari iliyofuata tulipiga mluzi uleule, na nikabadilisha gia kabla ya kalvati.

Mpwa aliposikia akasema labda saruji ilikuwa imelowa, labda dizeli ni chafu, labda kinahitajika kifaa kikubwa zaidi. Tajiri alikaa kwenye benchi lake, fimbo kati ya magoti. Nilimwona anavyotazama juu ya kibanda cha lori, na nadhani alikwisha kujua. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumwambia fundi aivue kimyakimya, tabo ya pili ikapata sifa, lori likabaki lake na kanga ikaishia sandukuni. Badala yake alisema, "Vimebadilika vitu viwili, ninyi mnasifu kimoja. Kesho tunapanda Rondo sote. Na wewe mwanangu, mpwa wa mume wangu, utakaa mbele."

Nilimwita kando, nikamkumbusha makubaliano ya wazee. Mpwa akiwa ndani ya lori na lori likashindwa, shahidi atakuwa ameketi mbele kabisa. Akaniambia, "Likishindwa, basi limeshindwa. Sitashika lori kwa kumficha mtu."

Tulipakia saruji ya kawaida, ile ile, na hatukuishusha kutwa nzima. Kwanza tulipanda na kifaa kikiwa ndani na kanga ikiwa imefungwa. Kabla ya kalvati injini iliishiwa nguvu, nikashuka gia ya pili, moshi ukatufunika. Tukageuza juu, tukashuka polepole. Tajiri akasema kitolewe kifaa, kanga ibaki. Fundi tuliyekuwa naye akakitoa, akarudisha bomba la kawaida. Tukapanda. Mluzi haukuwepo, lakini gia ilishuka palepale, kabla ya kalvati. Mpwa alitoa kichwa dirishani, akatazama mahali penyewe, akakirudisha.

Tulipofika chini tena Tajiri aliomba ngazi. Fundi akasema atapanda yeye. Akakataa. Alipanda, akakaa pale juu muda mrefu akihangaika na fundo la ndani kabisa, lile la kwanza, ambalo lilikuwa limekauka kwa vumbi na mafuta likawa kama gome. Nilimpa kisu. Akasema, "Halikatwi." Alilifungua kwa kucha na meno. Alishuka na kitita cha kanga mkononi, uso wake mwekundu wa vumbi, na mistari miwili mashavuni ambayo hatukuitazama.

"Haya," alisema. "Bila hiki na bila kile."

Lori lilipita kalvati kwenye gia ya tatu kana kwamba hakuna mlima. Nilibadilisha penye jiwe. Nyani walikuwepo, wakatutazama. Kisha, kwa kuwa hakupenda kuacha swali nusu, tulishuka tukapanda tena na kifaa ndani, kanga nje. Mluzi ukarudi. Gia nikabadilisha penye jiwe, hatua si mbele wala si nyuma.

Mpwa alishuka, akakaa juu ya tairi la akiba, akatazama kile kifaa mapajani mwake. Tajiri hakumcheka, ingawa mimi nilikwisha kuandaa maneno. Alimwambia, "Sisemi vyote ni uongo. Labda kuna injini zinazopenda kufungiwa vitu. Nasema hiki, kwenye lori hili, kwenye mlima huu, kimepiga mluzi tu." Fundi akaongeza kwamba tabo ikichoka inataka tabo nzima ya saizi yake, na mafuta yapimwe upya kulingana nayo, hakuna njia ya mkato. Mpwa akauliza, kwa sauti ya chini, sasa yeye awaambie nini wateja. Tajiri akamjibu, "Waambie wasafishe pua kwanza. Wakimaliza bado wana hamu ya mluzi, wauzie mluzi." Hapo mpwa mwenyewe alicheka. Tangu siku hiyo hakuzungumzia tena kuuza lori, na mara nyingine alikuja Mtanda kunywa chai ya tangawizi bila sababu.

Ile kanga Tajiri aliifua mwenyewe, akaikata vipande, akanipa kimoja nifutie kioo. Nilisita kukipokea. "Kazi yake ni vumbi," alisema. "Ilikuwa imekaa mahali pabaya tu." Na asubuhi iliyofuata alinigombeza kwa kulilaza lori likitazama bondeni.

Mwaka huu mwili wake ulianza kuishiwa. Mwezi wa sita binti yake alimchukua Rasbura, na hakuwa tena na nguvu ya kukataa. Nilikwenda kumwona alasiri moja nikitoka Rondo, vumbi likiwa bado kwenye nyusi. Alikuwa kitandani, kanga imemfunika hadi kidevuni, amekonda. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa midomo. Binti alikuwa amesimama nyuma ya kichwa cha kitanda.

"Gia umebadilisha wapi?"

Msimu huu lori lilikuwa limeanza tena kuchoka, taratibu, na nilikuwa sijamwambia kwa kuwa tangu augue hakuwa ameuliza. Binti alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, akaunda neno kwa midomo yake: jiwe. Nilimwelewa. Ni mama yake, na jambo lenyewe lilikuwa dogo.

"Penye kalvati, Tajiri," nilisema.

Binti aligeukia ukuta. Tajiri alifumba macho, nikadhani nimemvunja moyo. Kisha akauliza, "Umegusa kitu gani?"

"Bado sijagusa kitu."

"Vizuri. Gusa kimoja." Alipumzika. "Na lori lako limeziba mlango wa watu, nimesikia ulivyoegesha. Lisogeze."

Nilitoka nikalisogeza. Niliporudi alikuwa amelala, binti akaniashiria nisiingie. Sikumwona tena akiwa hai.

Wazee watakaa baada ya arobaini, na lori liko Mtanda. Safari hii hakuna mjane wa kulishika. Mpwa alikuja wiki iliyopita, akanikuta nimelala chini ya injini. Nilimwonyesha mpira wa hewa unaotoka kwenye tabo: ulikuwa na ufa upande wa chini, usioonekana mpaka uuvue. Akaleta mwingine kutoka dukani kwake, akaufunga kwa mikono yake. Tukapakia saruji. Akakaa mbele, upande wa Tajiri, na kipande cha kanga kikiwa juu ya dashibodi.

Tulipita kalvati kwenye gia ya tatu. Nilibadilisha katikati, kabla hatujafika kwenye jiwe, na nikasimama kidogo ili aone ni wapi hasa. Alipaona.

"Bado chujio," alisema. "Ninalo jipya hapa kwenye begi. Tuliweke sasa hivi?"

"Si leo," nikamwambia. "Leo tumegusa kimoja."

Akalirudisha begi miguuni. Tukapanda hadi juu, tukashusha saruji.